Siti Yangu Msiirithi

Bismillahi.

Wajukuu zangu wa kike, nyinyi saba wa damu na nyinyi msio na hesabu mnaonipitia barazani jioni mkikokota baiskeli zenu:

Sheikh nimeshamwita, na yanayohusu kiwanja, minazi na vyombo yameshaandikwa. Mirathi ina sheria yake, sina la kuongeza. Lakini nyinyi wajukuu hamrithi kwangu maadamu wazazi wenu wako hai, na kwa hivyo nina ruhusa ya kukuusieni, mradi nisivuke thuluthi. Baiskeli moja, futi ya fundi cherehani na kipande cha boksi havifiki hata robo ya thuluthi. Basi nausia hivyo, na pamoja navyo nausia maneno ambayo mama yangu hakuniambia kwa kuwa hakuwahi kupanda baiskeli, na somo wangu hakuniambia kwa kuwa katika yote aliyonifunda, siti haikuwemo.

Nitasema wazi. Nimekuwa mkunga miaka 34, na aliyezalisha nusu ya kijiji hana tena neno la kulionea haya.

Baiskeli nilipewa kazini mwaka 1976. Ilikuwa Phoenix nyeusi ya kiume, yenye mtalimbo, na aliyeitumia kabla yangu alikuwa bwana mmoja mnene aliyestaafu. Njia ya kutoka Jambiani kwenda Bwejuu wakati ule haikuwa na lami. Ule uwanda mnaujua: jiwe linachomoza ardhini kama meno. Maji yakitoka nilishuka pwani nikapita kwenye mchanga mgumu. Maji yakijaa nilirudi juu kwenye mawe. Siti ilikuwa ya ngozi, imeshabonyea katikati kama machela, na kila nikipita kwenye jiwe, chuma cha mbele kilikuwa kinanisalimia mahali ambapo hata mume hasalimii bila kubisha hodi.

Nilimwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba siti inaniumiza. Akaniuliza, inakuumiza wapi? Nikanyamaza. Mazungumzo yakafa hapo hapo, na kwa miaka 13 hayakufufuka. Nilikunja kanga mbili nikazifunga juu ya siti. Kanga zikateleza. Nikanunua mjini kifuniko laini, kile cha kutetemeka kama faluda, muuzaji akaniapia kuwa ndicho wanachotumia wanawake. Hali ikawa mbaya zaidi. Kwa nini, sikujua, na aibu haikunipa ruhusa ya kuuliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwani ukaanza kulimwa kwetu. Jirani zangu wakashika pesa zao wenyewe, na wengine wakanunua baiskeli. Basi wakaanza kunijia kliniki. Huyu ana michubuko, yule ana vijipu, wa tatu anasema akishuka kwenye baiskeli anahisi ganzi huko chini mpaka usiku. Walikuwa wakitoka baharini na nguo zilizolowa maji ya chumvi, wanakaa juu ya siti, wanapiga pedeli mpaka nyumbani. Chumvi, kitambaa kibichi na msuguano: hata ngozi ya papa ingechubuka. Lakini si wote waliokuwa wakifanya kazi ya mwani, na hata waliokauka waliumia. Nikasema, hapa kuna jambo.

Jibu lilikuwa mkononi mwangu siku zote. Katika ukunga tulifundishwa kupima kwa ngumi: ngumi ikienea baina ya ile mifupa miwili ya kukalia, njia ya mtoto ina nafasi. Ngumi hii imepima wanawake wasiohesabika, na kila siku nilikuwa najua kwamba mifupa ile haifanani kwa mtu na mtu. Kisha najipandia baiskeli yenye siti iliyopimwa kwa bwana mnene. Siku nilipoviunganisha viwili hivyo nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nasubiri uchungu wa mtu ukomae, nikacheka peke yangu mpaka mzazi akanikasirikia.

Siti haibebi makalio. Siti inabeba mifupa miwili. Nyonga za wanawake kwa kawaida ni pana kuliko za wanaume, kwa hivyo mifupa hiyo huwa imeachana zaidi. Siti ikiwa nyembamba kuliko mifupa yako, mifupa inaning'inia nje, na uzito wote unabebwa na nyama laini ya katikati, ambayo Mungu hakuiumba kwa kazi hiyo. Na siti ikiwa laini mno, hilo nalo lina siri yake. Mkikanda unga wa maandazi, ubonyezeni kwa vifundo viwili vya ngumi, mtazame unga unavyopanda juu katikati ya vifundo. Ndivyo kile kifuniko changu cha faluda kilivyonifanyia. Mifupa ilizama, na ulaini ukapanda ukanibana pale pale nilipotaka panusurike. Siti nzuri ukiibonyeza kwa kidole gumba dukani itakuonekea ngumu. Muuzaji atakwambia hiyo si ya kike. Mwache aseme.

Sasa pimeni. Chukueni boksi la tambi, lile la karatasi nene yenye mikunjo ndani. Kateni kipande cha kukalia, mkiweke juu ya baraza ya jiwe, si kwenye kochi. Vaa nguo nyepesi, kaa juu yake, nyanyua miguu na uyakumbatie magoti, hesabu mpaka 30, kisha inuka moja kwa moja bila kujiburura. Nyunyiza unga kidogo, pangusa kwa kiganja: unga utabaki kwenye vishimo viwili. Pima kutoka kati ya kishimo hadi kati ya mwenzake. Mimi ni sentimita 13 na nusu. Yule mjukuu wangu mnene, mnayemtania nyote, ni 11 na nusu. Na yule mwembamba kama fito la mkoko ana 14. Alikataa kuamini, tukapima mara tatu. Nyama ya nje haisemi chochote juu ya mfupa ulio ndani, kwa hivyo msimchagulie mtu siti kwa kumtazama akipita.

Juu ya kipimo hicho unaongeza. Anayeendesha wima kama mimi, mgongo umenyooka na mzigo kwenye keria, aongeze sentimita 3 hivi, na siti ya springi itamfaa. Anayeinama kiasi aongeze 2. Nyinyi wa baiskeli za mbio, mnaolala juu ya usukani mkipita kwenye lami ya Makunduchi, 1 inatosha, kwa sababu mtu akiinama nyonga zinapinduka mbele na mifupa inakaa pale ilipokaribiana. Lakini kwenu uzito nao unakuja mbele, na huko mbele hakuna mfupa wa kuupokea. Hapo ndipo siti yenye tundu au mfereji katikati inapokuwa na maana.

Tundu hilo mnaliona la kisasa. Mjukuu wangu mmoja alinisomea kwenye simu kwamba miaka ya 1890, wanawake wa Marekani na Ulaya walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi, siti zilizogawanyika katikati zilikuwa zinauzwa madukani. Madaktari wa wakati ule walikuwa wamepiga kelele juu ya wanawake na siti, na baadhi yao hofu yao haikuwa maumivu ya mwanamke, ilikuwa raha yake. Nilicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Jambo likapoa kwa miaka mingi, mpaka mhandisi wa Kimarekani, Georgena Terry, mwanamke aliyekuwa akitengeneza baiskeli za wanawake tangu miaka ya 1980, akalirudisha tundu kwenye siti za kike. Ilimpasa mwanamke akae juu yake kwanza. Hata hivyo tundu si dawa ya kila mtu. Wengine kingo zake zinawakata. Ombeni kujaribu kabla ya kulipa, na jaribuni nusu saa, si kuzunguka mti mara mbili.

Siti ya mtumba ya plastiki na sponji ngumu nunueni, mradi haijapasuka. Siti ya ngozi ya mtumba msinunue. Nitaeleza mwisho.

Mara nyingi siti haina kosa, ila imefungwa vibaya. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Nimewatazama mkipita. Wawili wenu kiuno kinakatika kama mko ngomani, kwa sababu siti iko juu mno, na kila mkatiko ni msuguano. Pua ya siti ilale sawa, au iiname kidogo tu sana. Ikielekea juu itakuchoma. Ikiinama mno utateleza mbele na kujishikilia kwa viganja mpaka vife ganzi. Na usukani ukiwa mbali nawe, utajivuta ukae kwenye pua, halafu useme siti mbaya.

Mgeni wa baiskeli ataumwa na mifupa ya kukalia kwa wiki mbili hivi. Huo ni ugeni, utapita. Ganzi si ugeni. Ganzi haizoeleki, na atakayekwambia uizoee hajawahi kuwa na kitu hicho cha kufa ganzi. Shuka, badilisha siti.

Nije kwenye taiti za sponji. Mimi nilizipata uzeeni, na nilizijua kwa kukosea. Kabla yake nilimpelekea fundi taiti yangu ya kawaida, nikamwomba aishonee kipande cha godoro ndani. Alishona vizuri, mshono mnene pande zote nne. Safari ya kwanza kipande kilinyonya jasho kikawa kizito kama mtoto aliyejikojolea, na ule mshono ukanichora mraba ambao niliuguza siku tisa. Sponji ya taiti si sponji ya godoro. Ni nyembamba, imeshiba, haina mshono unaopita katikati, na ya kike ni pana nyuma na fupi mbele. Ya kiume imerefuka mbele na ina nafasi ya mgeni ambaye nyinyi hamnaye.

Ndani yake havaliwi kitu. Najua mtashtuka, binti zangu walishtuka. Chupi ina mishono, na mishono ndiyo adui. Taiti hii yenyewe ndiyo chupi. Juu yake vaeni mtakalo, dira, suruali pana, baibui lililokunjwa lisiingie kwenye cheni. Wapita njia hawaoni kitu.

Ukishuka, ivue. Usikae nayo barazani ukinywa kahawa na kusimulia safari. Joto na unyevu ndiyo harara, ndiyo vijipu, ndiyo mwasho. Ifue siku hiyo hiyo kwa sabuni kidogo, maji ya kawaida, bila dawa ya kulainishia nguo, uianike imegeuzwa ndani nje. Kwa hiyo mwenye kuendesha kila siku awe nazo mbili. Taiti ya mtumba mimi siipendi. Sponji iliyokufa huijui kwa macho: ibonyeze, ikichelewa kurudi ina maana imeshambeba mtu mwingine vya kutosha. Tena haivumilii maji ya kuchemka, na bila ya kuchemsha moyo wangu wa kikunga hautulii.

Anayechubuka apake mafuta kabla ya safari, kidogo, mahali panapokutana ngozi na ngozi. Mafuta mgando yale mazito hayatoki kwenye sponji. Mimi hutumia ya nazi. Na jambo la mwisho la faragha: usafi wa kila baada ya muda ni sunna, msiuache, lakini usinyoe usiku wa kuamkia safari ndefu. Nywele zina kazi yake katika msuguano, na ngozi mbichi kutoka kwenye wembe haitakiwi juu ya siti.

Mama zenu watakuambieni baiskeli inaondoa bikira. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia hivyo mmoja wao, Mungu anisamehe, nilikuwa narudia nililoambiwa na sijafikiri. Ule utando hauko sawa kwa wasichana wote, na hakuna mkunga wala daktari anayeweza kuutazama akakusomea historia ya mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, kwa kuwa haupimi kitu. Mwambieni mama ni mimi niliyesema, nikiwa na akili timamu.

Sasa vitu. Futi apewe yule fito la mkoko, kwa kuwa hamwamini mtu mpaka apime. Kipande cha boksi kina alama za wote saba na majina kwa penseli. Kiko chini ya godoro langu, kikilowa kimekwisha. Mtakaowaongeza waandikeni nyuma.

Siti yangu ni Brooks ya ngozi, ya springi, mwanangu wa Leicester alinitumia ikiwa mpya ndani ya boksi lake. Mwaka mzima karibu uliisha ndipo ikanikubali. Nimeipaka mafuta yake, nimeifunika mvua zote, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku naifunika kwa kofia ya kuogea. Itazameni juani: ina mabonde mawili yanayong'aa, yameachana sentimita 13 na nusu. Ni nzuri, na najua kuna wawili wameshaanza kuinyemelea. Msiirithi. Imeshika mifupa yangu na haitashika ya mwingine. Itakufanyieni nilivyofanyiwa na siti ya yule bwana. Itundikeni kwenye msumari ukumbini, au itupeni, lakini asifungiwe mtu.

Baiskeli ni ya mwenye 11 na nusu. Spana namba 13 imo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Siti mpya atakayoinunua aifunge chini kuliko yangu ilivyokuwa, mimi nilikuwa na miguu mirefu.

Bibi yenu,
Jambiani