Kinanda Kisicho na Karatasi: Tafakuri juu ya Wimbo wa Chemirocha

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na ni nadra sana kuihoji. Hata hivyo, historia ya sanaa imejaa vizuri ambavyo havikujiuza. Mathalani, Charles-Valentin Alkan, mtunzi Mfaransa wa muziki wa piano aliyeishi kati ya 1813 na 1888, alikuwa rafiki na jirani wa Chopin jijini Paris. Baada ya kifo chake kazi zake zilikaribia kusahaulika, hadi wapigaji piano kama Raymond Lewenthal wa Marekani na Ronald Smith wa Uingereza walipozifufua katika miaka ya 1960. Alkan alikuwa na bahati moja kubwa: aliandika. Karatasi zake zilimsubiri msomaji.

Je, fanani asiyeandika humsubiri nani? Swali hili limenishughulisha tangu nilipoanza kusoma fasihi simulizi katika kiwango cha uzamili, nami ni mzaliwa wa Merigi, Bomet, ambako nyimbo ni nyingi na karatasi ni chache.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti aliyeishi kati ya 1903 na 1977, alifika katika nchi ya Wakipsigis akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Huko Kapkatet alirekodi nyimbo kadhaa zilizobeba jina moja, Chemirocha. Ulio maarufu zaidi ni ule ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ukiandamana na chepkong'o, kinanda cha nyuzi kilicho jamaa ya nyatiti ya Waluo na obokano ya Wakisii. Wimbo wenyewe hauzidi dakika tatu. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana wanamsifu kiumbe aliye nusu mtu, nusu mnyama, mwenye miguu ya paa, na kumhimiza acheze kwa kurukaruka hadi nguo zimvuke.

Kiumbe huyo ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilisikika katika gramafoni vijijini wakati wa ukoloni. Mwanaisimu ataona hapa utohozi uliokomaa. Vipasuo vya Kikipsigis havina upinzani wa ghuna na sighuna, hivyo sauti ya kwanza ya Jimmie na ile ya katikati ya Rodgers zote zikaangukia /ch/. Aidha, neno zima likapata mwanzo wa Che-, ambao masikio yetu yameuzoea katika majina kama Chebet na Chepkemoi. Mgeni alipewa jina, akapewa miguu, akaingizwa ngomani. Huo si uigaji. Ni utunzi.

Baadaye rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Wapenzi wa muziki ng'ambo waliusikiliza wimbo huu kwa miongo mingi ilhali vijana wengi wa Kericho na Bomet hawakujua kama upo. Ndipo mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirejesha rekodi hizo kwa Wakipsigis. Miongoni mwa waliopatikana wakiwa hai ni Mzee Cheriyot arap Kuri, mmoja wa wale waliorekodiwa mwaka 1950.

Nilimsikilizisha nyanya yangu wimbo huu kwa simu ya mkononi, tukiwa jikoni, chai ikichemka. Nilitarajia anieleze maana ya maneno. Badala yake aliniuliza, "Mjukuu wangu, hawa ni watoto wa nani?" Nikamtajia jina la Chemutoi Ketienya. Akauliza tena, "Na hawa wanaoitikia?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa lebo inawataja kwa jumla tu kama wasichana wa Kipsigis. Nyanya alitikisa kichwa, akasema kwamba wimbo bila mwenyewe ni kama ng'ombe aliyepotea: kila mtu atadai ni wake.

Maneno hayo yalinifunza jambo ambalo nadharia za fanani na hadhira hazikuwa zimenifunza. Vitabu vyetu vya kiada na karatasi zetu za mitihani vimejaa "wimbo wa jadi" usio na mwimbaji, kijiji wala mwaka. Tumezoea kusema kuwa fasihi simulizi ni mali ya jamii, na kauli hiyo ina ukweli wake. Lakini jamii haiimbi solo. Daima kuna mtu anayeanzisha, na wapo wanaojua namna ya kumwitikia. Kumficha mtu huyo nyuma ya neno "jamii" ni kumnyima kile ambacho Alkan alikipata kwa karatasi.

Huenda baadhi yenu mkauliza: wimbo wa Kikipsigis unahusu nini katika jarida la Kiswahili? Mjadala wa fasihi ya Kiswahili na fasihi kwa Kiswahili ni wa zamani, nami sidai kuumaliza hapa. Nashikilia tu kwamba Kiswahili ndicho chombo ambacho Mkipsigis, Mluo na Mpokomo wanaweza kukitumia kujadiliana kuhusu nyimbo zao bila kupitia Ulaya. Lugha inayodai kuwa ya taifa haina budi kubeba mizigo ya taifa hilo.

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa chama chetu. Kila mwanachama anayekwenda nyanjani kukusanya nyimbo aandike jina la kila mwimbaji anayekubali kutajwa, wakiwemo waitikiaji, pamoja na kijiji na mwaka. Aidha, kabla hajaiwasilisha tasnifu yake, airudishe nakala ya sauti kwa walioimba. Rekodi za Kapkatet zilichukua miaka 64 kurudi nyumbani. Sisi tuna simu mfukoni, na waimbaji wetu wanazeeka.