Hongo Haipendi M-Pesa

Wasee, acha niungame: mwaka jana nilitoa hongo.

Nilijaza fomu ya cheti cha kuzaliwa kwa simu, nikalipa kwa simu, risiti ikaingia kwa simu. Ilibaki kuchukua tu. Kwa kaunta nikaambiwa, "Sistimu imekataa, rudi wiki ijayo." Wiki iliyofuata, hadithi ni ile ile. Mara ya tatu jamaa akaniita kando. "Si unajua vile mambo huenda? Toa ya chai." Nikachomoa simu nimtumie. Akaruka! "Zii, keshi tu." Ikabidi nitoke nje kwa wakala nitoe mia tano.

Sasa fikiria. Nairobi hii mama mboga anachukua M-Pesa, boda anachukua, hata sadaka kanisani iko na paybill. Aliyekataa ni yule mla rushwa peke yake. Kwa nini? M-Pesa huacha alama, na yeye anaogopa alama.

Kwa hivyo mtu akiniambia teknolojia itamaliza ufisadi, namwambia pole pole. Kila kitu changu kilikuwa cha kidijitali na bado nililiwa kwa kaunta. Kinachomsumbua mwizi ni rekodi, tena rekodi ambayo mtu ameisoma.

Tulishaona hiyo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa PDF ya kuchosha kama zingine. Vijana wakaufungua, wakaueleza TikTok kwa lugha za nyumbani. Kelvin Onkundi akaunda chatboti ya kujibu maswali kuuhusu. Juni 26 Rais akasema hatausaini. Siku moja kabla, watu walikuwa wameuawa barabarani, so siwezi kusema simu ndiyo ilifanya kazi yote. Lakini walioenda walijua wanakataa nini.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali ziko mtandaoni, bure, za kaunti zote 47. Tafuta ya kwenu, soma hata kurasa tano. Ukiona mradi ambao hujawahi kuuona kwa macho, uliza kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kujua, na sheria ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu.

Mimi nimeanza na ile ofisi. Nimewaandikia niambiwe sistimu ilikataa siku ngapi mwezi ule. Leo ni siku ya tisa. Nahesabu.