Yusuf wa Peponi Kando ya Ziwa Nyasa

Atokaye Songea kwenda Mbinga hupita katika milima ya Wamatengo, watu ambao tangu zamani hulima kwa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa juu ya mteremko ili maji ya mvua yasiuchukue udongo. Kahawa i kila upande, na baridi ya asubuhi si haba. Kutoka Mbinga barabara yateremka, joto laongezeka, miembe na mihogo yashika mahali pa kahawa, na mara ziwa latokea, samawati hata upeo wa macho. Hapo ndipo Mbamba Bay, na ng'ambo ni Malawi.

Katika mkoba tulichukua kitabu kimoja, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Mtungaji wake, Abdulrazak Gurnah, alizaliwa Unguja mwaka 1948 katika ukoo wenye asili ya Yemen, akahamia Uingereza katika ujana wake, na kitabu hiki alikitunga kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na waliompa walitaja kwamba miongoni mwa chemchemi zake za mwanzo ni Alfu Lela Ulela na sura za Qurani.

Kila mtoto aliyepita chuoni atakitambua kisa hiki. Yusuf ni kijana mzuri wa sura, atolewaye kwao akiwa na umri wa miaka 12. Yumo tajiri aitwaye Aziz, yumo mkewe Zulekha amtamaniye kijana, na hata kanzu iliyochanwa kwa nyuma imo. Lakini mtungaji hakukariri, amegeuza. Yusuf wa Sura aliuzwa na watu kwa bei ya kutupa, kisha Mola wake akampandisha hata akazishika ghala za Misri, akakutana na baba yake. Huyu wa Peponi baba yake mwenyewe ndiye aliyemtoa, awe rehani ya deni, wala hawaonani tena. Mwenzake alijua tafsiri ya ndoto. Yeye ndoto zake ni za mbwa wamtishao usiku. Hapo ndipo ulipo ufundi wa mtungaji: msomaji akijuaye kisa cha kwanza ataona uchungu katika kila kilichopungua.

Msafara wa Aziz hauji Nyasa. Waelekea Marungu, kwa mtawala aitwaye Chatu. Hata hivyo pwani hii ya ziwa inayo njia yake. Katika karne ya kumi na tisa majahazi yalivuka kutoka Kota Kota, alikokaa Jumbe, mfanyabiashara aliyetoka Pwani, yakileta watumwa na pembe. Kisha wakatembezwa kwa miguu hata Kilwa. Sasa pakaapo wavuvi wakianika dagaa juu ya mchanga, tulimkumbuka Mzee Hamdani, mtunza bustani wa Aziz. Alikuwa mtumwa, bibi yake alipomwambia kwamba amemwacha huru, alikataa kuupokea uhuru huo kama zawadi, kwani haukuwa mali ya bibi hata augawe. Basi tukaulizana: watu kama Mzee Hamdani walitoka vijiji gani?

Wako watakaosema kwamba kitabu chawaaibisha Waarabu na Waislamu, kwa kuwa Aziz ni mtu wa sala na adabu, na huku anaweka watoto wa watu rehani. Sisi hatuoni hivyo. Adabu yake ndiyo imfanyayo atutishe, na kumficha hakumfuti. Vijana wetu na wakisome, na Sura Yusuf iwe kando yao. Wazazi nao wakisome kwanza, maana yamo mambo ya watu wazima. Na Oman kwenyewe bibi Jokha Alharthi, mwalimu wa chuo kikuu, ameandika riwaya, Sayyidat al-Qamar, ya mwaka 2010, ambamo Zarifa, aliyezaliwa utumwani, awapelekea majini chakula ili wazazi wajifungue salama, na mithali za kale zimejaa kinywani mwake. Mwaka 2019 tafsiri yake ya Kiingereza ilipewa tuzo ya kimataifa ya Man Booker. Gurnah ametuonyesha njia, Alharthi nyumba ambamo njia iliishia. Kijiji ambako njia ilianza bado chamngojea mtungaji wa kwao, na twatamani awe miongoni mwa watoto wanaosoma shule hapa ziwani.

Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake. Hapo, mwezi wa Agosti mwaka 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia ghafula meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Peponi chaisha vita hivyo vikiwa mlangoni: askari wa Wajerumani wapita wakizoa watu, na Yusuf, aliyejificha, atoka mbio kuwafuata. Yaliyompata hayakuandikwa. Lakini katika Afterlives, riwaya yake ya mwaka 2020, Gurnah amemleta Hamza, kijana mwingine aliyejitia uaskarini kwa hiari yake, na vitani akajeruhiwa na mkubwa wake mwenyewe Mjerumani, hata akarejea Pwani akichechemea, akitafuta kazi.