Ishara ya "Nani"

Redio yetu ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na jioni ya Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, ndiyo iliyoingiza kilio nyumbani. Nilikuwa na miaka 9. Tulipanga Mji Mpya, Morogoro, familia tatu katika nyumba moja, ua mmoja, bomba moja. Masika yalikuwa yamekolea na mawingu yameimeza milima ya Uluguru. Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, mama aliketi pale pale aliposimama. Ajali ilikuwa imetokea Dakawa, si mbali na mji wetu, kwenye barabara ile ile aliyoipita baba kila wiki na lori la saruji.

Wanawake walitoka vyumbani wamejifunga kanga viunoni. Jirani wa chumba cha pili alilia kama aliyefiwa na mtoto wa kumzaa. Walimpenda Sokoine. Mwaka uliotangulia alikuwa amewaandama walanguzi na wahujumu uchumi, na kwa watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni na sukari tangu alfajiri, kifo chake kilikuwa sawa na kunyang'anywa mtetezi.

Dada alikuwa uani akichambua mchele. Alikuwa na miaka 12, amekuja likizo kutoka shule ya bweni ya viziwi. Aliinua macho, akaona vinywa viko wazi, akaona mama yuko chini. Aliweka ungo pembeni, akaenda kwa mama, akamwinua kidevu. Kisha akaweka kidole cha shahada kando ya midomo yake mwenyewe, akakitikisa. Mama alitikisa kichwa tu, machozi yanamtiririka. Dada akaenda kwa jirani, akafanya vile vile. Akaja kwangu. Kidole midomoni, kinatikisika, macho yamenitoboa.

Nikamletea maji.

Aliyapokea, akayamwaga chini. Mama mdogo akanituma nimletee mengine.

Surua ndiyo iliyoondoka na masikio yake, akiwa na miaka miwili. Waliojua kusema walisema karogwa, na kwa muda bibi alimpeleka na kumrudisha mlimani kwa mganga, kila safari na kuku wake. Mtaani wakamwita Bubu, jina lililomshika kuliko lile alilopewa na babu. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa walemavu, balozi wetu wa nyumba kumi alirudi kutoka mkutanoni akamwambia baba kwamba shule za watoto viziwi zipo. Ya kwanza nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na nyingine ilikuwa Buguruni, Dar es Salaam, tangu 1974. Baba hakuwa amesikia hata moja. Dada aliingia darasa la kwanza mwaka huo akiwa na miaka 9, umri ambao mimi siku ile ya msiba nilikuwa nikisoma magazeti.

Huko darasani walimfundisha kutamka: kupuliza "p" mbele ya karatasi, kuweka kiganja kooni mwa mwalimu ausikie mtetemo. Ndivyo shule nyingi za viziwi zilivyoamini enzi zile, kwamba mtoto akiachiwa mikono hatasema kamwe. Baada ya miaka mitatu aliweza kuandika "kikombe", "meza", "mpira". Maswali alikuwa amejifunza bwenini, usiku, kwa watoto wenzake, kwa mikono. Sisi nyumbani tulikuwa na ishara zetu tano au sita tulizozibuni wenyewe: kula, maji, njoo, lala, acha, baba. Zilitutosha sisi. Hatukuwahi kumnyima chakula hata siku moja, nguo ya sikukuu alikatiwa ya kwanza, na mtu akimdhihaki mtaani kaka zangu walipigana. Ningeulizwa wakati ule kama tunampenda, ningeapa.

Usiku ule Dada alivua hereni zake. Alilala kwenye mkeka wa wanawake, uso kauelekeza ukutani, na hakula. Ijumaa pia hakula. Redio ilipiga nyimbo za maombolezo, majirani wakaja na kuondoka, na kila aliyeingia alionyeshwa yule mtoto ukutani. Walimsifu. Nakumbuka mzee mmoja akisema kwa sauti ya heshima kabisa kwamba hata bubu anaujua uchungu wa nchi. Mama aliona fahari. Na mimi niliona fahari, nikawasimulia watoto wenzangu bombani.

Jumamosi saa nne asubuhi lori lilisimama barabarani. Baba alikuwa amezuiliwa njiani na msongamano na mvua, akaingia uani na tope hadi magotini. Dada alikuwa mlangoni. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Alimrukia, akamshika masikio, pua, akanusa dizeli ya shati lake, kisha akaanza kumpiga ngumi kifuani, moja baada ya nyingine, na baba akaziacha zimpate.

Hapo ndipo tulipofahamu. Siku mbili alikuwa akimlilia baba yake, na nyumba nzima ilikuwa imekaa kumtazama.

Dada sasa ana mjukuu. Ni fundi cherehani, na jina Bubu amelikataa hadharani zaidi ya mara moja. Yeye ni kiziwi, anasema, na kiziwi si tusi. Chama chao cha kitaifa ni Chama cha Viziwi Tanzania, neno walilojiwekea wenyewe, wala hataki nimwite "asiyesikia" kwa upole ambao hakuuomba. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza hospitali. Daktari alinitazama mimi, akaniuliza, "Huyu anaumwa nini?" Dada alinigusa bega nihame kiti, akakaa mbele yake, akachukua kalamu mezani na kumwandikia ukurasa mzima. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Rais Magufuli alipotangazwa kufariki, nilikuwa nimelala. Simu yangu iliwaka. Alikuwa yeye, mikono yake kwenye kioo, ananieleza nani, lini, wapi, na makamu wa rais amesema nini. Hakuacha kitu. Nilikaa kitandani nikimtazama na nikashindwa kumjibu kwa muda, naye akadhani intaneti imekatika.

Lakini Jumapili ile ya 1984 ndiyo ninayoirudia. Sokoni palikuwa na fundi viatu kiziwi, mtu mzima, aliyepoteza masikio baada ya kujifunza kusema, kisha akasoma Tabora. Tulikuwa tukimpelekea viatu miaka yote wala hakuna aliyefikiri kumkutanisha na Dada. Baba alituongoza sote hadi kwenye kibanda chake: mama, mimi, na Dada akiwa ameng'ang'ania mkono wa shati la baba. Ishara za Tabora hazikuwa sawa kabisa na zake, walipapasana kidogo, kisha mikono ikashika kasi. Dada alizungumza muda mrefu. Sikujua kama ana mambo mengi hivyo.

Fundi aliweka kiatu chini. Alisema kwa ile sauti yake nzito, bila kutulaumu, "Anasema aliuliza usiku kucha, nani amekufa. Mkamletea maji."

Mama alifunika mdomo kwa kanga. Baba akauliza anaulizaje. Fundi akamgeukia Dada, naye akaweka kidole kando ya midomo, akakitikisa taratibu ili tuone vizuri. Mama ndiye aliyejaribu kwanza. Alikiweka chini mno, karibu na kidevu. Dada akamshika mkono, akakipandisha kidole mahali pake, na wakaanza tena.