Korongo na Kichwa cha Moi

Mwaka 1988 shilingi ya Uganda yenye korongo haikununua tena hata pipi. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imefuta sifuri mbili kwenye pesa, na sarafu za 1966 zikawa za watoto kuchezea. Mwalimu wetu wa hesabu pale Busitema alizikusanya, akaongeza shilingi za Kenya zenye kichwa cha Rais Moi upande mmoja na nembo upande mwingine, ambazo hazikukosekana kwa watu wa mpakani, akatutoa nje hadi chini ya mwembe.

Tulikaa wawili wawili na shilingi mbili za Kenya. Tuzirushe pamoja, kila tokeo tulichoree kistari mchangani. Ila kwanza tutabiri. Wengi walisema matokeo ni matatu: vichwa viwili, nembo mbili, au mchanganyiko, basi kila moja litapata theluthi. Vistari vikakataa. Mchanganyiko ulikuwa ukikaribia nusu kwa kila kundi, na kelele zikazidi.

Mwalimu hakueleza. Alibadilisha sarafu moja tu, kila kundi likawa na Moi mmoja na korongo mmoja. Sasa kila mtu aliona: kichwa cha Moi na nembo ya Uganda ni tokeo moja, nembo ya Kenya na korongo ni lingine kabisa. Njia ni nne, na mbili kati yake ni mchanganyiko. Baadaye sana nilisoma kwamba d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, alihesabu njia tatu mwaka 1754, akasema nafasi ya kupata kichwa angalau mara moja katika mirusho miwili ni theluthi mbili. Ni robo tatu. Nilimwonea huruma, hakukaa mpakani.

Siku nyingine tulikaa kando ya barabara kuu ya Tororo, tukibashiri kama lori lijalo lina namba ya K ya Kenya au ya U ya Uganda. Zikifuatana K kadhaa, wavulana walipaza sauti: sasa lazima U!

“Wanangu,” mwalimu aliuliza, “dereva huyu ameambiwa nani aliyemtangulia?”

Leo walimu wanafunzwa karibu na kwetu, Nagongera, katika Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanza 2007. Natamani wawatoe watoto nje hivyo hivyo. Maana huku kwetu mvua ikikosa misimu miwili, utasikia mtu akiapa kwamba msimu wa tatu lazima inyeshe. Nimeona majirani wakikopa mbegu kwa hesabu hiyo, na nimeona deni lilivyowauzia ng'ombe.