Rubani, Nahodha na Ndege ya Gerejini

Mwaka wa 2022 nilibahatika kupata ufadhili wa kwenda kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo katika chuo kikuu kimoja jimboni Kansas, nchini Marekani. Wenzangu waliotangulia ughaibuni walinionya kuhusu theluji na upweke. Hakuna aliyenionya kwamba Jumamosi zangu nyingi zingeisha nikiwa nimeutia mkono hadi begani ndani ya bawa la ndege.

Binamu yangu, mwana wa shangazi, ni fundi wa ndege mjini Wichita, mji ambao Cessna na Beechcraft ziliufanya uwe kitovu cha utengenezaji wa ndege ndogo. Atokapo kazini jioni huingia gerejini mwake kuunda ndege yake mwenyewe: RV-9A, ya alumini, yenye viti viwili, ambayo vipande vyake huuzwa na kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon. Msomaji asidhani kwamba huu ni wazimu wa mtu mmoja. Ndege za ukoo huo zilizoundwa na watu wa kawaida na zikaruka ni zaidi ya 11,000. Sheria ya huko huruhusu jambo hilo maadamu sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wasiolipwa, kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Yeye alipiga ribiti kwa mbele. Mimi nilishikilia kipande cha chuma nyuma ya bati. Hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yangu ya pili ya uzamili.

Mwezi wa Novemba tukafika njia panda. Bawa la kulia lilikuwa tayari kufungwa. Humo ndani ndimo huwekwa mota ndogo ya rubani otomatiki, ile inayosukuma kibawa cha ukingoni ili ndege iiname kushoto au kulia. Ya pili huwekwa nyuma ya viti, nayo huinua na kushusha pua. Mota ya bawani huweza kuongezwa baadaye, lakini kazi huwa nyepesi zaidi bawa likiwa wazi. Nilimkuta jikoni amekata katoni kwa umbo la dashibodi, na juu yake akihamishahamisha vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kila chombo. Skrini mbili kubwa za kuonyesha mkao wa ndege, ramani na hali ya injini zilikuwa zimetawala katikati. Redio ilikuwapo. Kile kifaa cha kuitangazia dunia mahali ndege ilipo kilikuwapo pia, kwa kuwa tangu mwaka wa 2020 hakikwepeki kwa anayeruka karibu na viwanja vikubwa.

"Na rubani otomatiki, Kaka?"

"Fedha hazitoshi," akajibu. "Na hata zingetosha, ndege niliyoiunda kwa mikono yangu nitaiongoza kwa mikono yangu."

Nilinyamaza. Mtu akikujibu mara mbili swali moja, jibu lenyewe bado hajalitoa.

Alilitoa baadaye gerejini, bila kuniangalia, huku akipangusa bati lililokuwa safi tayari. Miaka miwili kabla ya hapo alikodi ndege ya viti vinne, akawapakia shemeji na mtoto wao, akaelekea nyumbani kutoka Oklahoma jioni moja yenye mawingu. Leseni yake haikumruhusu kuingia winguni. Alidhani angepita chini yake. Kufumba na kufumbua, weupe ukaizingira ndege pande zote. Mwili wake ukamwambia kuwa wanaenda sawasawa, ilhali chombo kilimwonyesha bawa la kushoto likizama na kasi ikipanda. Ndege hiyo ya kukodi ilikuwa na rubani otomatiki wa zamani, asiyejua jingine ila kuyaweka mabawa sawa. Alimbonyeza. Mabawa yakarudi sawa, akageuza kirungu cha mwelekeo polepole hadi wakatoka walikoingilia. Shemeji alikuwa akisoma gazeti. Mtoto alikuwa amelala.

"Mashine ndiyo iliyotuokoa," akasema. "Mimi sikuwa rubani siku hiyo."

Akaniomba nisimwambie shemeji. Nilikubali, na tangu siku hiyo chakula cha mama yule kilinikwama kooni.

Kwa kweli binamu yangu hakuwa na sababu ya kujidharau. Sikio la ndani, linalotupa hisia ya usawa, hutudanganya: kona ya taratibu ikidumu, majimaji yaliyomo hutulia, na mtu huhisi kana kwamba hageuki. Mwaka wa 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kilieleza jaribio ambalo marubani hulitaja hadi leo. Wanafunzi 20 wasiozoea kuruka kwa vyombo walizibwa wasione nje. Wote waliishia kushindwa kuidhibiti ndege, na wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Walichofundishwa baada ya hapo ni namna ya kugeuka na kurudi walikotoka.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha. Silaha yangu ni maneno. Nilimkumbusha kwamba neno "rubani" lilikuwapo pwani yetu kabla ya ndege. Rubani alikuwa mjuzi wa mikondo na miamba, aliyeongoza chombo kuingia bandarini. Amri ya chombo ilikuwa ya nahodha, wala kumpa rubani kazi yake hakukumvua nahodha cheo. Mwaka wa 1914 Lawrence Sperry alipita juu ya mto Seine, karibu na Paris, mikono ameiinua hewani huku fundi wake akitembea juu ya bawa, na mashine ikaishika ndege. Je, nani alikuwa nahodha?

Alicheka. Akasema manahodha wa zamani hawakuwa na mkopo wa nyumba.

Hata hivyo, kesho yake karatasi zilikuwa zimehama. Ndege za kujiundia hazilazimishwi kutumia vyombo vingi vyenye idhini rasmi ya bei ghali, na uhuru huo ni mzigo pia: hakuna wa kukuchagulia. Tulikaa siku nzima tukiulizana swali moja kwa sura mbalimbali: kikifa hiki, nini kinakufa pamoja nacho? Iwapo skrini ndiyo akili ya rubani otomatiki, ikizimika humwacha mtu bila macho na bila msaidizi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo skrini ya pili ikatupwa. Mahali pake pakaja chombo kidogo chenye betri yake, kinachoonyesha mkao wa ndege hata umeme wote ukikatika. Fedha zilizobaki zikanunua mota mbili na rubani mwenye vihisi vyake mwenyewe. Alisisitiza kwamba mota ziwe na nguvu za kuongoza ndege, lakini zisiweze kuushinda mkono wa mtu, na kitufe chekundu cha kumwondoa rubani huyo kiwe kwenye usukani, chini ya kidole gumba.

Wala mimi simwabudu rubani huyu. Haoni mafuta yakipungua. Haujui mlima asipoambiwa. Ndege aliyofia John F. Kennedy Mdogo usiku wa Julai 16, 1999 ilikuwa naye. Ndiyo maana nilifurahi zaidi binamu yangu alipojiandikisha kusomea kuruka kwa vyombo kuliko mzigo wa mota ulipofika.

Kitufe kimoja kilibaki bila jina la kuturidhisha: kile ambacho ukikibonyeza, hata ukiwa umepotewa kabisa, ndege hurudisha mabawa sawa na kutulia. Aliniomba neno la Kiswahili. Nikaandika kwa kalamu kwenye katoni: SAWAZISHA.

Shemeji aliingia kuandaa meza, akaliona. "Hiki ni cha kazi gani?"

Binamu yangu alinitazama, kisha akamvutia mkewe kiti.