Kipakatalishi cha Mama
Mwishoni mwa mwaka 2025, mama aliuza mbuzi wawili ili nimnunulie kipakatalishi cha kutazamia filamu na picha za marehemu baba. Jijini Nairobi, katika duka la tarakilishi kuukuu, nilivutiwa na kioo kipana na bei nafuu. Sikuuliza umri wala betri. Mwenye pupa hadiriki kula tamu! Kilitumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba mwaka huo, nacho kilikuwa kikuukuu mno kupokea Windows 11. Umeme ulipokatika jioni, betri iliisha kwa dakika 10. Uso wa baba ukazimika machoni pa mama.

“Si neno, mwanangu,” akasema.

Neno hilo lingali linaniuma. Ewe mwenzangu, kabla hujalipa, chomoa waya uone.